Mjomba nilikosea, shahidi masharubu ya panya

Wadau, kila mgeni akifika Morogoro huulizia panya buku wa APOPO, wale wanaofundishwa pale SUA kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020. Sote tunasifia pua. Leo nasifia masharubu.

Mwaka 1970 Thomas Woolsey na Hendrik Van der Loos walionyesha kwamba ubongo wa panya wadogo wa maabara una vikundi vya seli za neva vilivyopangwa kama mapipa, na kila sharubu lina pipa lake. Ukiligusa sharubu moja, kundi lake huitika kuliko majirani zake. Mwaka 1973 wakaonyesha zaidi: masharubu yakiharibiwa panya akiwa kichanga, mapipa yake hayajengeki sawasawa. Yaani kuguswa ni sehemu ya kuujenga ubongo wenyewe.

Kwa nini nawachosha na panya? Dada yangu alijifungua mtoto njiti. Walipotoka hospitali nikatoa amri: afunikwe vizuri, alazwe kitandani, asishikwe-shikwe, vijidudu! Na kwetu Waluguru neno la mjomba lina uzito. Bibi akateremka kutoka Kinole, akanawa mikono, akamweka mtoto kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunga kwa khanga. Akaniambia, "Mume wangu, mtoto si kitabu cha kuwekwa kabatini."

Nilikasirika. Msomi mzima napingwa! Kumbe mtindo huo madaktari wa Bogotá, Colombia, waliuanzisha hospitalini mwaka 1978, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri watoto njiti waanzishiwe mara tu wanapozaliwa. Hupunguza vifo.

Najua, panya si mtoto, na mapipa yale hayathibitishi kila kitu. Lakini yananitosha kunyamaza mbele ya Bibi.

Ninachosema ni hiki: tuache kuona kumbeba mtoto ni ushamba, au kazi ya wanawake peke yao. Kifua cha baba nacho kina joto. Cha mjomba pia. Mimi nimeshanawa mikono, zamu yangu ni jioni hii.

Wewe je, wako umembeba lini?