Mkondo wa Bahari Si Mshale

Katika madarasa mengi somo la mikondo ya bahari hufundishwa kwa namna moja tu: mwalimu huchora ramani ubaoni, huweka mishale myekundu kwa mikondo ya joto na ya buluu kwa ile ya baridi, nao wanafunzi hunakili. Kwa maoni yetu, somo hilo huishia pale lilipostahili kuanzia.

Tuchukue mfano wa Mkondo wa Ghuba. Mwaka 1775 Benjamin Franklin, akirejea Marekani kwa meli, alipima joto la maji mara kwa mara, akaona kwamba maji ya mkondo yana joto zaidi kuliko ya kandokando. Lakini mkondo huo, ukishaipita rasi ya Hatteras na kuiacha pwani, haunyooki. Hupindapinda mithili ya mto uwandani. Mwaka 1950 meli sita ziliufuatilia, na pindo lake mojawapo likaonekana likikatika na kuwa duara la maji lizungukalo peke yake. Siku hizi setilaiti hupima joto la uso wa bahari, na pasipo mawingu mapindo hayo huonekana dhahiri.

Zoezi tunalolipendekeza halihitaji chombo cha gharama. Mwalimu aandike ubaoni jedwali la tarakimu za mfano: nyuzi 24 na 23 upande wa kusini, 15 na 14 upande wa kaskazini. Wanafunzi wachore mstari wa nyuzi 20. Kisha wapewe jedwali la juma la pili, wachore tena. Watagundua wenyewe kwamba mstari umesogea, nao watataka kujua sababu.

Wapo watakaosema kwamba zoezi hili hula muda, na mtihani hudai majina tu. Hatuudharau ugumu huo. Lakini mwanafunzi aliyechora hujifunza pia mipaka ya kipimo: wakati wa kiangazi jua hupasha tabaka la juu, tofauti ya joto hufifia, ilhali mkondo ungalipo. Ndiyo maana wataalamu hupima na vilindi.

Nasi tusisahau kwamba Mkondo wa Somalia hugeuka kwa kufuata kusi na kaskazi. Mtoto wa mvuvi analijua hilo kabla ya kuingia darasani. Mshale mmoja ubaoni utamfundisha kuyatilia shaka macho yake mwenyewe. Hapana budi tumfundishe kuutilia shaka mshale.