Plazma ya kupimika iko kwa fundi wa kuchomelea

Leo tuongee kuhusu mizinga ya sumakuumeme, ile inayorusha kitu kwa umeme badala ya baruti. Video zake zimejaa mtandaoni, na kijana wa Lodwar au Kakuma akiziona anataka kuunda wake kesho yake. Mimi nasema aanze kwa kupima, na aanzie kwa fundi anayechomelea mageti.

Mzinga huu ni reli mbili. Mkondo unapita reli moja, unavuka na kurudi kwa nyingine, na nguvu ya sumaku inasukuma mbele kile kinachouvusha. Wengine huivushia mkondo kwenye plazma, yaani gesi iliyopata moto hadi ikapitisha umeme. Kwa njia hiyo Rashleigh na Marshall, huko Canberra mwaka 1978, walirusha kipande cha gramu 3 kwa kilomita 5.9 kwa sekunde. Tabu ni kwamba cheche nyingine huzuka nyuma, inaiba mkondo, na spidi inagoma kupanda. Jicho halioni hayo, ndiyo maana watafiti hupanga koili ndogo kando ya mtutu. Plazma ikipita, kila koili inatoa volti kidogo.

Sasa hesabu (mimi ni mtu wa programu, mnivumilie). Kwa spidi hiyo, plazma ya sentimita 10 inaipita koili kwa maikrosekunde 17. Kadi ya sauti ya laptopu, yenye sampuli 44,100 kwa sekunde, inachungulia kila maikrosekunde 23. Inaweza kupitwa kabisa! Utaandika programu safi ya kuchora kitu ambacho hukukinasa.

Cheche ya kuchomelea nayo ni plazma. Kwa mashine ya transfoma kwenye umeme wa hezi 50, mkondo unafika sifuri mara 100 kila sekunde, na kati ya sifuri na sifuri laptopu ileile inapata sampuli 441. Hapo unaona cheche ikififia na kuwaka upya. Zungushia koili waya mmoja tu wenye ganda lake. Ukizungushia wa kwenda na wa kurudi pamoja, nguvu za sumaku zinafutana na utapata mstari mtupu. Linda kadi kwa rezista na diodi mbili.

Koili inakupa kasi ya mabadiliko ya mkondo, kwa hiyo programu lazima ijumlishe sampuli. Kosa dogo la sifuri nalo linajumlishwa, mpaka grafu inapanda yenyewe kama mbuzi mlimani. Wapimaji wa mizinga wanahangaika na jambo hilihili, ila wao kapasita zao zinaua hata umeme ukiwa umezimwa. Wewe kinachokutisha ni mwanga: vaa barakoa ya fundi, miwani ya jua haizuii.

Na pale Kakuma, mashine ikiwa kwenye jenereta, hesabu sifuri zako vizuri. Fundi akigusa chuma, hezi 50 zinashuka, na grafu itakuonyesha kwa kiasi gani.