Heri Waya Uliolegea Kuliko Data Iliyopikwa

Hakuna kitu kinachopita mwanga. Wacha niseme hivyo mapema, kabla hujaniweka kundi moja na wale wa WhatsApp wanaotuma video usiku wa manane ati Einstein alitudanganya. Mahali pasipo na hewa wala kitu kingine, mwanga unakwenda mita 299,792,458 kwa sekunde. Pale CERN, karibu na Geneva, wanasukuma protoni mpaka zinapita asilimia 99.9999 ya kasi hiyo. Ukifika hapo, ongeza nguvu utakavyo, kasi inapanda kiduchu tu. Haifiki. Na kama ujumbe ungeweza kupita mwanga, kuna mtu mahali fulani angeona jibu likifika kabla ya swali. Ni kama upate meseji ya M-Pesa kwamba pesa zimetumwa, na bado hujaweka PIN.

Kwa hivyo sina ugomvi na hiyo namba. Nina ugomvi na watu wanaoitetea kwa kucheka.

Septemba 2011, kundi la wanasayansi wa jaribio linaloitwa OPERA lilitangaza jambo la ajabu. Walikuwa wakipokea nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya mwamba kama vile mwamba haupo. Zilitoka CERN, zikapita ardhini kama kilomita 730, zikanaswa kwenye maabara ya Gran Sasso, chini ya mlima huko Italia. Zilifika mapema kwa nanosekunde 60. Kama hizo zingekuwa mbio, nyutrino zilimwacha mwanga nyuma kwa mita 18 hivi.

Walikuwa na data ya miaka mitatu, nyutrino kama 16,000. Walitafuta kosa kwa miezi, hawakuliona. Kisha wakafanya kitu ambacho mimi sijawahi kuona kikifanywa darasani: wakaweka kila kitu mezani na kuuambia ulimwengu, tusaidieni kutafuta tulipokosea.

Ulimwengu ukajibu kwa vituko. Mwanafizikia mmoja Mwingereza, Jim Al-Khalili, aliahidi kula chupi yake mbele ya kamera kama matokeo yale yangekuwa kweli. Wizara ya elimu ya Italia ikatoa taarifa ya pongezi ikitaja handaki lililojengwa kutoka CERN hadi Gran Sasso. Handaki la kilomita 730, jamani! Halikuwepo.

Wenye akili tulivu walileta hoja. Walikumbusha nyota iliyoonekana ikilipuka mwaka 1987, umbali ambao mwanga unausafiri kwa zaidi ya miaka 160,000. Nyutrino zake zilitangulia mwanga kwa saa chache tu, kwa sababu mwanga ulichelewa kujinasua kutoka ndani ya nyota. Kama nyutrino zingekuwa na ile kasi ya OPERA, zingefika miaka kama minne mapema. Hiyo ndiyo hoja. Kucheka si hoja.

Mwanzoni mwa 2012 kosa likatangazwa: waya wa faiba ulioleta saa ya GPS haukuwa umekazwa sawasawa. Waya! Jaribio jingine mlemle Gran Sasso, ICARUS, likapima na kukuta nyutrino zinaheshimu mwanga. Ndani ya OPERA ikapigwa kura ya kutokuwa na imani na viongozi, na mwisho wa Machi, Antonio Ereditato na Dario Autiero wakajiuzulu nyadhifa zao. Tangu hapo kisa hiki husimuliwa kama kichekesho.

Mimi sicheki. Na nitakwambia kwa nini.

Mwaka wa pili chuoni, kabla sijaacha, tulipewa uzi, kijiwe na saa ya kupimia. Kazi: bembeza, hesabu, utoe nguvu ya uvutano. Nilipata 9.1. Nikarudia, 9.1. Nikaandika 9.1. Rafiki yangu hata uzi hakufunga. Alianza na jibu, 9.8, akarudi kinyumenyume mpaka jedwali likajaa, akachafua tarakimu mbili tatu ili lionekane la binadamu. Alipata 9 kwa 10. Mimi nilipata 4. Nilimwendea mwalimu na karatasi yangu: "Mwalimu, nisaidie nione nilipokosea." Akaniambia, "Kijana, jibu linajulikana."

Sikuacha chuo kwa sababu ya kijiwe na uzi. Karo ilinishinda. Lakini lile jibu bado linanikera, kwa sababu wewe pia ulipika. Usijifanye. Tangu shule ya upili sote tumepika data za maabara, na waliotusahihishia walijua. Tulifundishwa kwamba kipimo kikigombana na kitabu, unafuta kipimo.

Sasa fikiria OPERA wangekuwa darasa letu. Wangeona zile nanosekunde 60, wangeangaliana, wangezifuta, wangeandika "kasi ya mwanga" na kupewa 9 kwa 10. Jibu lingekuwa sahihi! Na ule waya ungebaki umelegea hadi leo, ukiharibu kila kipimo kingine, bila mtu kujua.

Utaniambia wangekagua nyaya kwanza. Kweli kabisa. Hilo lilikuwa kosa, na wale wenzao waliokataa kutia sahihi kwenye ripoti walikuwa na haki ya kukataa. Lakini kosa la waya linatibika kwa kuukaza. Kosa la kuficha kipimo halitibiki, maana hakuna anayejua liko wapi.

Na hili haliishii kwa mwanga. Aliyepika kijiwe na uzi jana ndiye atakayetumwa kesho kupima zege la ghorofa unayolala, ama maji unayokunywa. Jibu linalotakiwa atakuwa analijua tayari.

Hakuna kinachopita mwanga. Leo naamini hivyo zaidi kwa sababu ya OPERA, maana kuna watu waliothubutu kusema "sisi tumepata tofauti," na dai lao likakaguliwa mpaka kwenye skrubu. Wale wawili walipoteza vyeo. Mimi nilipoteza alama sita. Waliopika wana vyeti ukutani.

9.1. Bado nataka kujua nilikosea wapi.