Upole Haufungui Bahasha ya Mtihani

Kila Novemba, watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, wakiwa vyumbani hapa Eldoret, maneno ni yale yale: msimamizi akilegeza uso, watoto wataiba. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2016, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Elimu na George Magoha akiongoza baraza la mitihani, KNEC, mitihani ilibanwa, na waliopata A nchi nzima wakapungua hadi 141 tu. Ila kilichobanwa ni njia ya karatasi: makontena yenye kufuli, polisi wa kuisindikiza, bahasha kufunguliwa mbele ya watahiniwa. Msimamizi anayemwambia binti anayetetemeka, "Mwanangu, vuta pumzi, anza na swali unalolijua," hajamfunulia jibu lolote. Mbio za Eldoret City Marathon zina vituo vya maji, na bado ni kilomita 42.

Wengine watasema juu ya binti huyo: "Anajifanya, aliyesoma haogopi." Huogopa, tena sana, hasa akikumbuka ng'ombe aliyeuzwa kulipa karo yake. Wasiwasi hula ile nafasi ya akili inayoshika hesabu hatua kwa hatua, ndiyo sababu kanuni aliyoijua jana inapotea. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti katika jarida la Science: wanafunzi wenye wasiwasi walioandika hofu zao kwa dakika 10 kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi. Anayejifanya hangesaidiwa na hilo.

"Ukali huwaandaa kwa maisha." Karatasi ya Hisabati inapima hisabati, haipimi nani anastahimili kufokewa. Isitoshe, kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi, kimwili au kisaikolojia.

"Sisi tulifanya bila kubembelezwa." Na wenzetu walioshindwa kwa woga, tukawaita wajinga?

Kuna wanaosema utaratibu hauruhusu upole huo. Mbona mtahiniwa aliyelazwa au aliyejifungua hufanyia mtihani hospitalini, chini ya ulinzi, na alama zake huheshimiwa? Utaratibu unaoweza kumfuata mtahiniwa hadi wodini hauwezi kushindwa na kijana anayehitaji kutoka kidogo, akiwa na msimamizi, anawe uso, kisha arudi kuandika.