Orodha ya Msamiati Haitakuokoa

Wiki za mwisho kabla ya KCSE, watahiniwa wengi huingia katika kazi moja: kunakili orodha ndefu za msamiati mgumu na kuzikariri usiku kucha. Baadhi ya vitabu vya marudio huwauzia orodha hizo, mamia ya maneno kwa mpigo. Maoni yangu ni kwamba muda huo ungefaa zaidi kama ungetumika kujifunza kuvunja neno. Mtunzi wa mtihani haijui orodha yako. Ana kifungu chake, na humo atachagua maneno ayatakayo yeye.

Tazama swali lenyewe. Katika Karatasi ya Pili, ufahamu una alama 15, na aghalabu swali la mwisho hudai maana ya maneno kama yalivyotumika katika taarifa. Tuseme neno ni walighilibiwa, nawe hujawahi kulisikia. Hata hivyo, unajua mengi kulihusu. Wa- ni watu zaidi ya mmoja, -li- ni wakati uliopita, na -iw- inakuambia kwamba wao ndio waliotendwa. Kilichobaki gizani ni ghilib- tu. Rudi kwenye aya. Ikiwa inasimulia wakulima waliouza mahindi yao kwa bei ya kutupa baada ya kupewa ahadi za uongo, basi "walidanganywa". Mwenzako aliyekariri kwamba ghilibu ni danganya, akaandika "danganya", ana jibu lisiloweza kukaa mahali pa neno hilo katika sentensi.

Sisi walimu tumekazania ngeli hadi mwanafunzi akiona neno hukimbilia mwanzo wake. Mimi nauthamini mwisho zaidi. Mshindi ameshinda, mshinde ameshindwa. Mteuzi huteua, mteule ameteuliwa. Irabu moja tu, na aliyeisoma vibaya ataeleza kifungu kizima kinyume. Maneno yenye -e ya namna hii si mengi (ongeza mtume, aliyetumwa, na kiumbe, kilichoumbwa), lakini wenzao wenye -wa wamejaa katika habari za mahakamani na za biashara: mshtaki na mshtakiwa, mdai na mdaiwa, mshukiwa. Kabla ya kuandika chochote, jiulize: huyu ametenda au ametendwa?

Kisha kuna mwisho wa -zi, ambao kwangu una faida kuliko kurasa kumi za orodha. Ondoa zi, weka a, na mara nyingi kitenzi kitajitokeza. Uchaguzi unatokana na chagua, ukombozi na komboa, mapokezi na pokea, matumizi na tumia, malezi na lea. Neno ugatuzi, lililoenea nchini tangu Katiba ya 2010 ilete serikali za kaunti 47, linakupeleka kwenye gatua, yaani kuhamisha madaraka kutoka makao makuu hadi mashinani. Si uchawi. Vitenzi hivi zamani vilikuwa na sauti l kabla ya a, na l hiyo ndiyo iliyogeuka z mbele ya i. Bado utaisikia katika chaguliwa na okolewa.

Kanuni hii ina mipaka yake. Ukiona -nzi, mzizi huwa umeficha d au g: mlinzi ni wa linda, mpenzi wa penda, mjenzi wa jenga, mtunzi wa tunga. Na kuna vitenzi vyenye z yake tangu mwanzo, kama puuza na chunguza, ndivyo vilivyotupa upuuzi na uchunguzi. Sauti nyingine nazo hugeuka: pika hutoa mpishi, fuata hutoa mfuasi, gomba hutoa mgomvi. Mtahiniwa anayeutafuta mzizi kwa macho tu hataona pika ndani ya mpishi. Litamke neno.

Wenzangu kadhaa husema mbinu hii inawafundisha watoto kubahatisha. Wana hoja, hasa kwa maneno yenye asili ya Kiarabu. Mwanafunzi akikutana na maktaba na kusema ma- ni ya wingi, ameingia mtegoni. Twasema maktaba hii, maktaba hizi. Ma- hiyo imekuja na neno lenyewe kutoka Kiarabu, na kule huonyesha mahali. Lakini hata hapa kuna njia. Usikate silabi, fuata konsonanti. K, t na b zimo katika kitabu, katibu na maktaba, na zote zinahusu kuandika. H, k na m zimo katika hukumu, hakimu na mahakama. Anayejua moja kati ya hayo ana pa kuanzia, na aya itamsaidia kumalizia. Kubahatisha ni kuandika jibu bila kurudi kwenye aya, na hilo hata aliyekariri orodha hulifanya.

Kwa hivyo, kwa siku zilizobaki, chukua ukurasa mmoja wa Taifa Leo kila jioni. Chagua maneno matano usiyoyajua, yavunje, andika unachodhani kila moja linamaanisha katika sentensi yake, na baada ya hapo ufungue kamusi. Kwa kamusi nayo utahitaji ujuzi huu huu: ukilitafuta walighilibiwa kwenye W hutalipata. Lazima kwanza ulivue viambishi vyake, ndipo uende kwenye G.