Usihesabu miti pekee, hesabu na nyasi

Ukiambiwa utunze mazingira, kitu gani kinakujia akilini kwanza? Miti, si ndiyo? Unachimba shimo, unapiga picha na mche wako, unaposti, mambo yameisha. Mimi sipingi miti. Lakini hebu twende kaskazini mwa Alaska, mahali ambapo mti ni nadra kuuona.

Huko kuna mmea mfupi uitwao Eriophorum vaginatum. Watu huufananisha na nyasi za pamba kwa sababu ya kichwa chake cheupe. Kwa kweli si nyasi kamili. Ni wa ukoo wa ndago, ile inayomsumbua mkulima wetu shambani, na wa mafunjo ya Ziwa Victoria. Huota kwa mafungu kama vichuguu vidogo, na fungu moja linaweza kuishi zaidi ya miaka 100. Kila mwaka hutoa mizizi mipya inayofuata udongo unavyoyeyuka, hadi kwenye barafu.

Mimea ya huko ikifa, baridi huizuia kuoza haraka. Imerundikana hivyo kwa maelfu ya miaka. Ardhi iliyoganda ya kaskazini inakadiriwa kushikilia kaboni mara mbili ya iliyo hewani. Na sehemu kubwa ya ghala hilo haina msitu juu yake!

Sasa shida iko hapa. Tangu 1979, Aktiki imepata joto karibu mara nne kuliko wastani wa dunia. Watafiti waliohamisha mimea hii ndani ya Alaska mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuja kugundua kwamba hali ya hewa inayoifaa imesogea kaskazini, mbali na kwao. Mmea hauna nauli ya kuifuata. Na ghala likifunguka, gesi haiulizi pasipoti. Itatufikia hata sisi.

Utasema, mimi naishi Nairobi, hayo yananihusu vipi? Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu. Kinamasi kikikaushwa, kaboni iliyokuwa kwenye tope hutoka pia, na maji yanapotea.

Serikali inataka miti bilioni 15 kufikia 2032. Sawa, tupande. Ila usikubali mtu akuambie kinamasi ni ardhi tupu inayongoja miche au ploti. Muulize kwanza kuna nini chini yake.