Windows ya Wizi Haijawahi Kuwa Bure

Kuna imani iliyoota mizizi mijini kwetu: programu ya kompyuta isiyouzwa haina maana. Mwambie fundi wa kompyuta akuwekee Linux, mfumo endeshi usiouzwa, uone atakavyoguna. “Hiyo ya bure? Itakusumbua, kaka.” Halafu huyo huyo anachomeka flashi yake, anakupigia Windows iliyokrakiwa na kuchukua elfu kumi yake. Mnaachana mkiwa mmeridhika, kwa kuwa mmepata kwa bei ya kutupa kitu ambacho wenzetu hukinunua ghali.

Imani hiyo ni upuuzi, na upuuzi wenyewe unatugharimu.

Tazama fundi huyo anavyofanya kazi. Kabla ya kukraki anazima antivirusi, maana ikiwa macho ingekikamata kile anachotaka kukiingiza. Kisha anaendesha programu iliyotengenezwa na mtu asiyemjua, na kuipa mamlaka yote juu ya mashine inayobeba mitihani ya shule, hesabu za VICOBA na nywila za benki. Mara ngapi programu za namna hiyo zimekutwa na virusi? Juu ya hayo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki. Tunalipia uhalifu, tunalipia na hatari, halafu tunasema tumebana matumizi.

Linux ina historia nyingine kabisa. Linus Torvalds aliitoa mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni ya GPL, iliyoandikwa na Richard Stallman. Leseni hiyo inakuruhusu kuitumia, kuinakili, kuibadili na kuigawa, hata kutoza pesa kwa nakala. Sharti lake kubwa ni kwamba unayempa apate haki zile zile ulizopata wewe, pamoja na msimbo wake. Kwa hiyo kituo cha jamii kinachowagawia wananchi nakala hakimwibii mtu. Kinafanya kile kile ambacho wenye programu walikusudia kifanyike.

Wabishi watasema rahisi huvunja upishi. Basi watueleze ni upishi gani umevunjika. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zinazoorodheshwa kuwa zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa kwa Linux. Kila simu ya Android ina kiini cha Linux ndani yake, kwa hiyo fundi anayeiguna huenda anaibeba mfukoni kila siku. Na hapa hapa nyumbani, mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na Waswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Waliweza kwa sababu msimbo wa OpenOffice, kama ule wa Linux, ulikuwa wazi. Hawakuhitaji kubisha hodi kwa kampuni yoyote wakiomba ruhusa ya kuitumia lugha yao.

Kinachoikwamisha Linux kwetu ni bando. Faili la Linux Mint linakaribia GB 3, na la Ubuntu, toleo jingine la Linux, kwa kompyuta za mezani linapita GB 5. Nani atakayemaliza bando lake kupakua kitu alichoambiwa hakifai? Hapo ndipo kituo cha jamii kinapohitajika. Faili likishapakuliwa mara moja, nakala ya pili hadi ya mia haili hata MB moja. Afrika Kusini walilitambua hilo zamani: Shuttleworth Foundation iliweka vibanda vilivyoitwa Freedom Toaster, mtu alikuja na CD zake tupu, akachagua alichotaka, akachoma na kuondoka nacho.

Sisi tuna Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 ili elimu imfuate mwananchi aliko. Tuna maktaba za mikoa. Kazi hii inataka kompyuta moja, diski ya nje, na kijana makini. Makini nasema, kwa sababu kugawa ovyo kutarudisha virusi vile vile: apakue kutoka kwa watengenezaji wenyewe, na alinganishe namba ya uhakiki wanayoitoa kabla ya kunakili. Amwonyeshe mgeni jinsi ya kuijaribu Linux ikiwa ndani ya flashi bila kugusa diski ya mashine. Akiipenda, wahifadhi kwanza mafaili yake mahali pengine, ndipo waiweke.

Haitamfaa kila mtu. Mhasibu au mchoraji ramani ambaye programu yake inakubali Windows tu abaki huko, na anunue leseni. Waraka wa Word ukifunguliwa kwenye LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika kwenye Linux, unaweza kuyumba mpangilio wake. Mafundi wa Linux nao ni wachache, lakini mafundi wa Windows hawakushuka kutoka mbinguni. Walijifunza vibandani kwa sababu wateja waliwataka. Wateja wa Linux wakiwepo, mafundi wake watakuwepo.

Na wakati wenyewe unatusukuma. Microsoft ilihitimisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ambazo laptop nyingi za mtumba hazina. Mashine hizo bado zina miaka ya kazi chini ya Linux. Tukiikataa kwa kuwa haiuzwi, tutazitupa zikiwa nzima, au tutaendelea kuzikraki zikiwa hazina ulinzi.

Kituo kinachonunua leseni zake za Windows kihalali kinastahili heshima. Ila kinachotumia za wizi huku kikiidharau programu halali kwa sababu haina bei, hicho kitueleze vijana wanaokaa mbele ya kompyuta zake wanafundishwa nini.